Usiseme damu yako imeshindwa

Mwanangu,

Jana usiku nilipita mlangoni kwako nikakusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, "Damu yangu imeshindwa kumlinda kaka." Nilitaka kuingia, nikajua nitaanza kulia kabla sijasema la maana. Bora niandike.

Unakumbuka alivyokushika kidole akakipeleka kwapani mwake, "Hebu gusa hapa"? Kijiuvimbe kigumu kama kokoto, wala hakimuumi. Sote tulidhani jipu. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu apandikizwe chembe za uboho ulizomchangia wewe, kutibu lukemia, ile saratani yake ya damu, na vipimo vya damu vya wiki ile vilikuwa vizuri. Wakakata kinyama, wakakipima. Ni lukemia ileile.

Kisha wakamchoma nyongani kuchukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Hapa soma taratibu, mwanangu: uboho ulikuwa safi. Chembe zilizokutwa mle ni zako, asilimia 100. Karatasi nimeiona kwa macho yangu, nikamwomba daktari anisomee mara mbili. Ulichompa kimeshika, na ndicho kinachomtengenezea damu mpaka leo.

Daktari alinieleza kwamba kinga inayotokana na chembe za mchangiaji huisaka saratani vizuri zaidi ndani ya uboho kuliko nje yake. Chembe chache za saratani zilizonusurika zinaweza kuibukia kwenye ngozi, kwenye nyama, kwenye korodani, hata kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa nyingi hazipenyi vizuri. Ndiyo maana walimchoma ile sindano ya mgongo iliyokutoa machozi. Mimi na uzee wangu huu sikujua saratani ya damu inaweza kurudi huku damu yenyewe inaonekana salama.

Sasa atapigwa mionzi pale kwapani, na apewe dawa za mwili mzima, maana uvimbe ukionekana mahali pamoja haina maana ugonjwa uko hapo tu.

Na wewe watakuita. Wanataka limfosaiti zako, zile chembe za kinga, wamwongezee kaka yako. Si upasuaji: damu inatoka mkono mmoja, inapita kwenye mashine, inarudi mkono wa pili. Hatari kubwa iko kwake, kwa sababu chembe zako zinaweza kumgeukia zikamshambulia ngozi, utumbo au ini. Likitokea hilo, nalo usijibebeshe.

Unaombwa, hulazimishwi. Nilipokutoa uwe mchangiaji mara ya kwanza sikukuuliza vizuri. Nilikuwa na hofu, nikakuamulia. Safari hii jibu ni lako. Ukikataa, shangazi zako nitawajibu mimi.

Kaka yako anajua nakuandikia. Anasema kesho umletee chaja yake, na uache kumkodolea macho kwapani kila ukimsalimia.

Mama