Kwa vijana wa muziki: mwulizeni nyota wenu alijifunza kwa nani

Wanangu mnaojifunza kuimba, kupiga ala na kutunga,

Salamu nyingi. Kuna jambo limenikaa moyoni. Kila mmoja wenu ana nyota wake, na mnajua anavaa nini na kaachana na nani. Kumpenda mtu mashuhuri si kosa. Asiye na wa kumtamani huridhika mapema. Ombi langu ni kwamba mkimpenda, mfuatilie pia alijifunza kwa nani, na kwa njia gani.

Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri, kijana wa miaka 20, aliomba ruhusa ya wiki 4 kazini kwake kanisani, mjini Arnstadt, Ujerumani. Akatembea kwa miguu kilomita 400 hivi hadi mji wa Lübeck ili amsikilize mzee Dieterich Buxtehude, bingwa wa ogani, kinanda kikubwa cha kanisani, akikipiga. Alikaa huko karibu miezi 4, na aliporudi wakuu wa kanisa walimweka kitako kumhoji. Siwaambii mtoroke kazini! Nawaonyesha kiu yake tu. Baadaye, akiwa mji wa Weimar, alichukua kazi ambazo Vivaldi, mtunzi wa Italia, alizitungia fidla akazipanga upya kwa kinanda. Ukifanya hivyo huwezi kupita juu juu: lazima ujue kila sauti inaingia wapi, inanyamaza wapi, na mwenzako aliziunganishaje. Mapenzi ya namna hiyo humlisha mtu.

Hata nyota wa zama zetu walipita njia hiyo. Michael Jackson tangu utotoni alimtazama mwimbaji James Brown kwa makini, miguu na sauti, akamwiga mpaka akaweza. Leo nani huwachanganya wawili hao?

Wapo pia miongoni mwenu wanaomheshimu bingwa mpaka kalamu inawaganda mkononi. Hao nawahurumia zaidi, maana mara nyingi ndio wenye masikio mazuri. Mtunzi Mjerumani Johannes Brahms aliishi chini ya kivuli cha Beethoven, bingwa aliyemtangulia, na simfoni yake ya kwanza, yaani utungo mkubwa wa okestra, ilisikika hadharani mwaka 1876 tu, akiwa na miaka 43. Lakini miaka hiyo yote hakukaa bure. Alitunga nyimbo, vipande vya piano na kazi kubwa za kwaya. Basi wewe wa miaka 22 unayesema umechelewa, umechelewa wapi?

Mwezi huu chagueni wimbo mmoja tu wa mnayempenda. Usikilizeni bila kutazama video. Andikeni besi inafanya nini, mwimbaji anavuta pumzi wapi, kiitikio kinaandaliwa vipi. Uimbeni mpaka muuweze, kisha ubadilisheni mwendo na mtie maneno yenu. Mkimaliza, mtafuteni aliyemfundisha nyota huyo, mwanze upya kwake. Mtakapokwama, nileteeni, tutasikiliza pamoja.

Mzee wenu