Raba za breki tunauziwa kama karanga

Mhariri,

Shikamoo kwanza, umri wako siujui na heshima si utumwa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Manzese, kazi yangu iko Kariakoo, na kila siku naenda na kurudi kwa baiskeli. Barua yangu ni ya raba za breki, msicheke. Bodaboda mmeziandika mpaka basi, mwendokasi ndo usiseme, ila sisi wa baiskeli tunatajwa pale tu mtu kagongwa, alafu inaandikwa "breki zilifeli" na habari imeishia hapo. Zilifeli vipi, zilikuwa raba gani, alizifunga nani, hakuna anayeuliza.

Yangu ni mtumba wa Japani, zile za kikapu mbele. Masika ya mwaka jana nikaona hainishiki vizuri nikaingia duka moja la spea, silitaji, nikasema naomba raba za breki. Muuzaji hata macho hakutoa kwenye simu, "za mbele na nyuma?" nikasema ndio, akanitupia jozi mbili, buku nne, kwaheri. Hakuniuliza baiskeli gani na mimi sikuuliza kitu, nilibeba kama mtu anayenunua karanga za kutafuna njiani.

Nafika nyumbani nageuza baiskeli miguu juu, kumbe nyuma haina raba kabisa! Hizi za Japani nyingi breki ya nyuma ni mkanda unaobana ngoma pale katikati ya gurudumu, ndo ile inayolia kama mbuzi anayechinjwa mtaa mzima ujue umefika. Nimeiendesha zaidi ya mwaka na sikuwahi kuinama kuangalia. Aibu yangu hiyo naikubali.

Sasa ya mbele. Mbele ina breki ya mkasi, mikono miwili inashuka kutoka juu ya tairi na kubana ringi, na nilizouziwa ni za V-breki, zile za mikono miwili mirefu inayosimama kila upande wa gurudumu. Nilikuja kuzipima baadaye kwa futi yangu ya kushonea, milimita 70, za zamani zilikuwa 50 na kidogo. Fundi wa chini ya mti akaniambia zinaingia tu hizi mzee, akatoa washa zote, akagonga, akakaza, zikakaa zimeinua pua juu. Siku ya tatu asubuhi nashuka Magomeni kwenda Jangwani, manyunyu, nasikia paa! Raba ilikuwa inasaga ubavu wa tairi muda wote huo mpaka tyubu ikachungulia nje ikapasuka. Mimi niliangukia pembeni nikachubuka kiwiko tu, ila vitenge vya sare ya harusi ya mteja vilivyokuwa kwenye kikapu vilienda mtaroni, na yule mama mpaka leo ananiita fundi matope.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuinama. Raba inatakiwa ipige ringi tu, ikipanda inakula tairi, ikishuka sana inateleza inaingia kwenye spoku na hapo ndo unaruka juu ya usukani. Raba nyingi ndefu zina mshale wa kuonyesha gurudumu linazungukia wapi, na zile ambazo raba inachomekwa kwenye kiatu cha chuma, upande ulio wazi lazima utazame nyuma, ukigeuza ukabana breki kwa nguvu raba inachomoka na wewe unabaki na chuma kwa chuma. Na kama inapiga kelele usiikimbilie mafuta jamani! Nimeona kwa macho yangu fundi anadondoshea oili chafu kwenye ringi ili isilie, kweli haikulia tena na haikusimama tena. Mwisho wa mbele wa raba unatakiwa uguse ringi kabla ya nyuma, kama milimita moja hivi, mimi nachomeka kipande cha kadibodi kwenye mwisho wa nyuma wakati nakaza nati alafu nakichomoa, basi, kimya.

Kingine ambacho dukani hakisemwi ni ringi. Mimi nina sumaku ya kuokotea sindano, naiweka kwenye ringi, ikinasa hiyo ni chuma, isiponasa mara nyingi ni aluminiamu. Ringi ya chuma inayong'aa ikiloana, raba ya kawaida inateleza kama kambale, unabana hapa unasimama kule, na hakuna raba ya miujiza ya kuondoa hilo lote. Zamani Uingereza waliuza hadi raba zenye uso wa ngozi kwa ajili ya ringi hizo mvuani. Aluminiamu inashika vizuri zaidi ila tatizo lake ni vipande, mchanga wa barabarani unakwangua ringi, vichembe vya aluminiamu vinanasa kwenye raba, navyo vinazidi kukwangua ringi. Kila Jumapili nafungua zangu navichokoa kwa sindano, uso ukiwa unang'aa napitisha msasa kidogo. Kuna raba za Kool-Stop za Marekani, rangi yake kama tofali la kuchoma kwa sababu zimechanganywa oksidi ya chuma, zinasifika kwa mvua na hazinasi hivyo vichembe ovyo. Nimeziona mara moja tu kwenye baiskeli ya jamaa fulani, kwenye maduka ninayopita mimi sijazikuta.

Kwa hiyo zetu ni hizi nyeusi, na nyeusi nazo zina tofauti. Ibonyeze kwa ukucha. Kama ngumu kama kisigino cha kiatu, au imepauka ina nyufa, imekaa dukani siku nyingi, irudishe hata kama inapungua buku. Marehemu baba kule Tabora alikuwa na Phoenix yenye breki za vyuma, zile raba zinazovutwa juu kubana ringi kwa chini, zikiisha anakata tairi la lori anachonga mwenyewe, na zikikataa anaweka katambuga kwenye gurudumu. Porini tambarare sawa. Ukijaribu hayo Jangwani nyuma una daladala mbele una bajaji unajitafutia makubwa, na breki ya mbele ndo ya kuiheshimu zaidi maana ukibana uzito wote unakimbilia huko.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, mulizeni mtu baiskeli yake breki gani kabla hamjampa. Hata kiwango cha kimataifa cha baiskeli, ISO 4210, breki inapimwa ikiwa kavu na ikiwa imeloana, sisi tunapimiana kwa macho tena ya mtu anayeangalia simu. Na nyie wa gazeti mtu akianguka mtume mwandishi akaangalie hizo raba, msiishie kumuuliza trafiki.

Ile jozi ya pili bado ninayo, inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, nilijaribu kuirudisha nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Mwenye V-breki apite achukue bure, ila aje na raba yake ya zamani mkononi tupime kwanza.

Fundi cherehani,
Manzese, Dar es Salaam