Yah: Malalamiko kuhusu kamera ya zawadi niliyouziwa dukani kwenu

Dar es Salaam,
13 Januari 2025.

Meneja,
Duka la Kamera na Vifaa vya Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule dada aliyekuja dukani kwenu Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024, siku ambayo Kariakoo ilikuwa haipitiki kwa watu wa sikukuu, nikanunua kamera ya kumpelekea baba yangu Morogoro. Nililipa shilingi 1,350,000 taslimu.

Kabla sijauliza bei nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwamba kamera mimi sizijui. Nikamwambia mzee ni mwalimu mstaafu wa fizikia, amepiga picha kwa kamera ya filamu tangu sijazaliwa, anavaa miwani, na sasa kilichobaki kumfurahisha ni ndege wanaokuja kwenye miti nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha karatasi niliyoandikiwa na rafiki yake: Canon EOS 2000D. Kijana akasema 2000D zimeisha, ila ipo EOS Rebel T100, ambayo ni ileile, jina tu ndilo limebadilika kwa ajili ya soko la Marekani. Jioni, nilipoanza kuwa na wasiwasi, nikamuuliza tena kwa WhatsApp. Jibu lake ninalo mpaka leo: "T100 ndo 2000D ya Marekani dada, kitu kimoja, usiwaze."

Si kitu kimoja. 2000D huko Marekani inaitwa Rebel T7. T100 ni jina la Marekani la EOS 4000D, kamera ya chini yake, zote zikiwa zimetoka mwaka 2018. 2000D ina megapikseli 24.1, hii niliyopewa ina 18. Kioo cha nyuma ni inchi 2.7 badala ya 3. Mimi haya nimeyajua baadaye. Muuzaji wa kamera alitakiwa kuyajua asubuhi ile. Na kama kweli hakuyajua, basi mmemweka kaunta mtu anayekisia kwa pesa za wateja.

Mzee hakuhitaji kusoma popote. Siku ya Krismasi alifungua boksi mezani, akaitoa kamera, akaipeleka jichoni. Akavua miwani. Akaipeleka tena. Nikaona kidole gumba kinapapasa pembeni ya tundu la kuchungulia, kinakwenda juu, kinarudi chini, kinatafuta kitu.

"Mama, kile kigurudumu cha kurekebishia macho wamekiweka wapi?"

Sikujua hata anaongelea nini. Kumbe 2000D inacho, kwa ajili ya watu wa miwani kama yeye. Hii haina. Kisha akaifungua lensi, akagonga kwa ukucha pale inapofungiwa, pakalia kama kifuniko cha chupa ya maji. Kwenye 2000D pale pana chuma. Hapa ni plastiki. Mzee hakusema neno, akaifunga tena taratibu na kunishukuru. Ndugu Meneja, mtu akikushukuru kwa zawadi huku unamwona anaificha kasoro yake ili usiumie, hiyo huwezi kuipigia hesabu kwenye risiti.

Tungeishia hapo labda ningenyamaza. Lakini alitoka uani, akapiga picha ya kwanza, ya ndege aitwaye chozi akiwa kwenye maua. Chozi mwenyewe akatokea mdogo kama nzi, maana lensi mliyonipa ni ya milimita 18 mpaka 55, ya kupigia watu na harusi. Kijana wenu aliniambia "inavuta vizuri sana." Nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na lensi ya milimita 75 mpaka 300, ya kuvutia vitu vya mbali, niliiona kwa macho yangu, na nilishamtajia ndege! Angesema tu, ningeongeza hela au ningeacha.

Kilichotushtua zaidi kilikuwa jina la picha hiyo. Lilisomeka IMG_6318.

Kamera hizi, usipozigusa kwenye mipangilio, huendelea kuhesabu pale zilipoishia hata ukiziwekea kadi nyingine. Kamera mpya huanza na 0001. Kadi yetu ilikuwa tupu, hata karatasi yake tuliichana sisi wenyewe, kwa hiyo hesabu ile haikutoka kwenye kadi. Mkiniambia picha kumi zilipigwa dukani kuijaribu, nitaelewa. Elfu sita si majaribio. Mzee aliigeuza mkononi akacheka kidogo: "Hii imeshakula chumvi." Nami nililipia mpya, kwenye boksi lililofungwa kwa gundi ambayo sasa najiuliza ni nani aliibandika.

Niliwapigia simu tarehe 27, mkaniambia nije baada ya mwaka mpya. Mzee akaendelea kuitumia. Jumapili ya tarehe 29 mjukuu wake alibatizwa, naye akarekodi video ya ibada na chakula. Dakika ishirini na kidogo za mwanzo zipo. Zilizobaki, ikiwemo maji kumwagwa kichwani, hazifunguki. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, aliipima memori kadi mliyotupa ya GB 128 kwa programu ya H2testw, ile inayoijaza kadi yote halafu inasoma kama kilichoandikwa kipo. Hata GB 8 hazikutimia. Kadi imechezewa ili ijitangaze kubwa, na kila kinachozidi uwezo wake wa kweli kinapotea kimyakimya. Video ya kamera hii inakula zaidi ya MB 300 kwa dakika. Pigeni hesabu wenyewe muone tulipoishia.

Tarehe 4 Januari nililetewa kila kitu kutoka Morogoro kwa treni, nikaja dukani. Kijana yuleyule alinionyesha mhuri chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe imeandikwa kwa mkono, "kamera Canon 1", bila jina la aina, kwa sababu siku ile niliambiwa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ni mbovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Mhuri wenu hauko juu ya hizo.

Naomba mnipe 2000D mpya, iliyofunguliwa mbele yangu na picha yake ya kwanza kusomeka 0001, pamoja na kadi halisi itakayopimwa palepale dukani kabla sijaondoka. Kama hamnayo, naomba shilingi zangu 1,350,000 zote. Lensi ya ndege nitainunua mwenyewe, kwingine. Vilevile nataka risiti ya EFD, itakayotaja aina ya kamera. Video ya ubatizo siidai kwa sababu najua hamna namna ya kuirudisha, ila nimeitaja ili mjue kadi ya bandia imemfanya nini mtu.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu la maandishi, nitaipeleka barua hii Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti, ujumbe wa WhatsApp, picha ile ya chozi na matokeo ya kipimo cha kadi.

Kamera, lensi, kadi, chaja, begi na stendi viko kwangu hapa Dar, ndani ya boksi lake. Begi na stendi havina tatizo.

Wenu,
Mteja mwenye risiti ya tarehe 21 Desemba 2024.