Kupima pumzi kwa dumu la maji, na wakati dumu lisipotosha

Walimu wa sayansi wanaokuja dukani kwetu Chake Chake kuulizia spirometa, yaani kifaa cha kupima kiasi cha hewa mtu anachotoa kwa pumzi, huwa tunawaambia wasitumie pesa ya skuli kuagiza ya kiwandani. Kwa somo la upumuaji, dumu, beseni kubwa na mpira vinatosha kabisa.

Dumu liwe la plastiki inayoonesha ndani, lenye mdomo mpana, na lishike zaidi ya lita 6. La lita 5 hatukushauri, kwa sababu mwanamme mrefu mwenye afya anaweza kutoa lita 5 kwa pumzi moja, na dumu likishajaa hewa, inayozidi inatokea mdomoni na kipimo kinaharibika. Mpira nao uwe wa nusu inchi au zaidi. Ule mwembamba unambana anayepuliza, anachoka kabla hajamaliza pumzi.

Kazi yenyewe iko kwenye alama. Simamisha dumu mahali palipo sawa, mimina maji nusu lita nusu lita kwa jagi la kupimia, yakitulia chora mstari kwa maka peni. Usipimie chupa ya maji ya dukani, maana ukiijaza mpaka mdomoni inashika zaidi ya nusu lita. Kitako ndicho sifuri: dumu likigeuzwa, hewa hupanda kitakoni, na mistari ile ile ndiyo itakayosoma pumzi.

Sasa lijaze pomoni, ziba mdomo kwa kiganja, lipindue ndani ya beseni lenye maji kidogo, kisha penyeza mpira. Mmoja ashike dumu, mwengine abane pua, avute pumzi mpaka mwisho na apulize taratibu mpaka kifua kiishe. Asivute hewa kupitia mpira huo. Akihisi kizunguzungu, aache akae.

Watu wazima wengi wanapata kati ya lita 3 na 5. Hewa nyengine, kama lita moja na kidogo, hubaki mapafuni hata ukijikamua vipi. Daktari Mwingereza John Hutchinson, aliyetangaza spirometa yake mwaka 1846, alipima watu zaidi ya 2,000 akaona kuwa kimo kikizidi, pumzi nayo inazidi. Kwa hiyo mwalimu, tafadhali, usimwambie mtoto mfupi kuwa mapafu yake ni dhaifu.

Wapo pia wazazi wanaotaka kifaa hiki wajue kama mtoto ana pumu. Hao hatuwauzii, na tunawaeleza sababu. Mwenye pumu njia zake za hewa zimebana, lakini akipewa muda anaweza kutoa pumzi nyingi tu, na dumu litamuonesha mzima. Spirometa ya hospitali hupima pia hewa inayotoka ndani ya sekunde ya kwanza, na hapo ndipo mbano unapoonekana. Mtoto anayekohoa usiku au anayetoa mluzi kifuani apelekwe kwa daktari, asingoje.

Mpira tunakata kwa urefu unaotaka. Ukitupa idadi ya wanafunzi, tutakukatia na vipande vifupi vya kuchomeka mdomoni, kila mtoto na chake, kwani kifua kikuu na mafua havichagui darasa. Baada ya somo vioshwe kwa sabuni na vikaushwe juani.