Kidole changu na kisu cha sangara

Kirumba, Mwanza
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku Kirumba. Sisi hatujambo, ila mama bado anakohoa kidogo usiku. Natumaini Kulwa na Doto wameshaizoea shule mpya huko Musoma. Na mama yako, goti linaendeleaje? Nitalirudia hilo goti huko mbele.

Uliniuliza kwenye simu, "Kidole si kimeshafunga, mbona hujarudi mwaloni kupasua samaki?" Nilikujibu harakaharaka kwa sababu salio lilikuwa linakata, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Leo Jumapili nimekaa nikuandikie vizuri.

Jumamosi ile ya Julai nilikuwa napasua sangara mkubwa, mkono wa kushoto umeshika kichwa. Utelezi wa samaki mbichi unaujua. Kisu kikateleza juu ya ule ute, kikaingia kwenye shina la kidole cha shahada upande wa kiganja. Kidonda hakikufika hata sentimita mbili. Kituo cha kwanza nilichokimbilia walisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, wakashona ngozi nyuzi nne, wakaniruhusu. Hakuna aliyeniambia nikunje ncha ya kidole. Hakuna aliyenigusa akauliza kama nahisi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kesho yake nilipotaka kushika kikombe ndipo nikaona kidole kimenyooka tu, hakikunjiki, na upande mmoja kimekufa ganzi. Siku ya tatu nikapasuliwa hospitalini. Ukija kumpeleka mtoto aliyejikata mkono, Mama Kulwa, kabla hajashonwa mwombe muuguzi ajaribu mambo hayo mawili: kukunja na kuhisi.

Daktari aliyenipasua alikuja wodini na karatasi, akanichorea kidole. Akasema mwili mzima, na vyote vilivyomo, umejengwa kwa aina nne kubwa za tishu, yaani makundi ya seli zinazoshirikiana kazi moja: tishu ya kufunika, tishu unganishi, misuli na neva. Kisu chako kimezigusa zote, akasema, na kila moja itapona kwa muda wake. Akaniambia pia habari za Mfaransa mmoja, Bichat, aliyefariki 1802 akiwa na miaka 30 tu, ambaye alizitenganisha tishu 21 kwa kisu na macho yake, bila hadubini. Mimi ninayeshinda na kisu mkononi nilimwelewa sana mtu huyo.

Ya kufunika ndiyo ngozi ya juu. Seli zake zimebanana, hazina mshipa wa damu hata mmoja kati yake, zinalishwa kutoka chini. Zinazuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Tishu hiyohiyo imetanda ndani ya mdomo, mapafu na utumbo, na huko utumboni ndiyo inayonyonya chakula. Samaki naye anayo, na ule ute ulioniponza hutolewa na seli zake. Tishu hii hujifanya upya haraka: ya utumbo kwa siku chache tu, ya ngozi kama mwezi. Kwa hiyo wiki ya pili nyuzi zilitolewa, na tangu hapo kila anayeniona ananipongeza kwamba nimepona.

Chini ya ngozi ndiko kwenye kazi. Tishu unganishi ni ukoo mkubwa ajabu. Mfupa, gegedu, mafuta, kano, hata damu yenyewe, wote ndugu: seli zilizotawanyika ndani ya kitu kingine, kiwe kigumu, cha nyuzinyuzi au majimaji. Nyingi ya nyuzi hizo ni protini inayoitwa kolajeni, na wewe umeishika mara nyingi bila kujua. Unayakumbuka mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki? Tunalitoa bondo la sangara, tunaliosha, tunalianika, linakauka gumu, ukilivuta halichaniki. Ni kolajeni hiyo. Na ukimchemsha sangara mnofu ukaachana vipande vipande, ni kwa sababu vile vijiutando vyeupe vilivyoushikilia vimeyeyuka kwa moto. Navyo ni tishu unganishi.

Sasa kano. Kidole hakina msuli wa kukikunja. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, kisha chezesha vidole. Umesikia kitu kinatembea? Msuli uko huko, na unakivuta kidole kwa kano ndefu, kama wavuvi wanavyovuta kamba ya wavu wakiwa wamesimama nchi kavu. Msuli wangu ulikuwa mzima, unavuta kwa nguvu zake zote, na kamba imekatika. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo inaunga polepole. Nilikaa na gango la kukishikilia kidole wiki sita, na mpaka wiki kumi na mbili zitimie sibebi ndoo wala sishiki samaki mzito. Ndiyo sababu ya kwanza hunioni mwaloni.

Goti la mama yako nalo limo humu. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu kabisa, ikishalika haijijengi kirahisi. Wanaosema anadeka wamwache. Lakini misuli ya paja ikiwa na nguvu inalipunguzia goti mzigo, kwa hiyo yale mazoezi aliyopewa asiyaache, hata siku za baridi.

Misuli ni ya namna tatu: ya mifupani, tunayoiamuru, ya moyo, inayopiga bila kuambiwa, na misuli laini ya tumboni na kwenye kuta za mishipa ya damu. Hiyo laini ilinisaidia siku ile, maana mshipa uliokatwa hujibana wenyewe, na damu ikapungua kabla sijafika kituoni.

Kilichobaki ni neva, nayo ndiyo sababu ya pili, na hapo ndipo nilipo. Seli inayohisi kwa ncha ya kidole changu iko kando ya uti wa mgongo, shingoni, na imenyoosha uzi mmoja kutoka huko mpaka kidoleni. Uzi ukikatwa, kipande cha mbele kinakufa. Daktari ameshona ala yake tu. Uzi wenyewe lazima uote upya ndani ya njia ya zamani, kama milimita moja kwa siku. Juzi nimeegemeza kidole kwenye sufuria ya ugali na sikujua mpaka binti wa kaka yangu alipopiga kelele. Malengelenge yalitoka, maumivu hakuna. Nililia, si kwa kuungua.

Ila kuna kitu natamani ungekuwa hapa ukione. Kila Jumapili nagonga kidole taratibu kwa ncha ya kalamu, naanzia juu nikishuka kuelekea kwenye kovu. Panapoanza kutekenya kama umeme mdogo, ndipo uzi ulipofika, na naweka alama ya wino. Wiki ya kwanza ilikuwa karibu kabisa na kovu. Leo asubuhi nimeweka ya tano, na imevuka kiungo cha kati. Zimebaki kama sentimita tatu kufika ncha.

Nimekufungia dagaa kilo mbili, atakuletea shemeji Jumatano. Waanike tena juani kabla ya kuwaweka. Nijibu kuhusu goti.

Rafiki yako,
Mama Neema