Mimba kuharibika: namba inatosha, jina la nini?

Mhariri, nimesoma habari yenu kuhusu sheria za kuripoti mimba zinazoharibika, na hata sisi huku Dodoma inatuhusu. Takwimu tunazihitaji jamani, bila hizo wizara itajuaje kama tatizo ni malaria au kaswende, na vyote vinatibika. Ila vijijini tunajuana wote, daftari la MTUHA, lile la taarifa za wagonjwa lenye majina, likiachwa wazi pale zahanati, kesho kijiji kizima kinajua, na mama mwingine akiogopa kusemwa eti kaitoa mwenyewe anabaki nyumbani anatokwa damu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si tunayo? Basi ripoti zinazoenda wilayani zibebe umri, wiki za ujauzito na sababu tu, daftari lifungiwe kabatini.

Msomaji, Chamwino