Salamu za Shukrani kwa Waliochangia Familia ya Dada Yetu, Omdurman

Familia yetu ya Nkuhungu, Dodoma, pamoja na wazee wetu wa Kondoa, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mlioshiriki mchango wa kumsaidia dada yetu aliyekuwa akiishi Omdurman, mji jirani wa Khartoum, pamoja na shemeji, mama mkwe na watoto watatu, tangu vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 hadi walipoingia nyumbani Dodoma salama. Kumfikia kila mmoja kwa jina hatuwezi. Mlitoa bila kuona fedha inakwenda wapi, kwa hiyo tunaeleza hapa ilivyotumika, tena wapo ambao watu wao bado wako huko na wanatuuliza.

Kutoka Dodoma hadi Omdurman fedha haifiki moja kwa moja. Mhazini wa kikoba alikusanya, akatuma kwa mkupuo kwa mdogo wake shemeji aliyeko Cairo. Huyo humkabidhi taslimu Msudani mwenye pauni za Sudan kwenye akaunti, naye huzirusha kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Ndiyo maana tuliwaomba msitume mmoja mmoja: elfu mbili mbili zikisafiri peke yake huliwa na makato. Kurusha si kazi, kazi ni kuigeuza iwe chakula. Noti ni adimu, na anayekupa taslimu hukata kamisheni nene. Duka linalopokea Bankak nalo lina bei yake, juu ya ile ya taslimu. Uliza bei zote mbili ndipo uamue. Mara nyingi ile ya Bankak, pamoja na ughali wake, huwa na nafuu kuliko kamisheni. Februari 2024 mtandao ulizimwa karibu nchi nzima, na waliobaki na intaneti ni wenye vifaa vya Starlink, waliouza kwa saa. Tangu hapo kanuni ikawa chakula cha mwezi kinunuliwe kabla cha sasa hakijaisha. Kuweka akiba ya noti chini ya godoro hatukushauri: Desemba 2024 noti za pauni 500 na 1,000 zilibadilishwa katika maeneo yaliyokuwa chini ya jeshi, na asiyefika benki alibaki na karatasi.

Hesabu ya chakula ilikuwa hivi. Kwa mtu mmoja kwa siku, gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Kwa watu sita kwa siku 30 ni kilo 72 za mtama, karibu kilo 11 za dengu, mafuta yasiyofika lita tano na chumvi chini ya kilo. Hapo mtu bado hajafikisha kilokalori 2,100 zinazohesabiwa kwenye misaada, ndiyo sababu sukari na tende ziliongezwa kila fedha iliporuhusu.

Kina mama wa kikoba tunawashukuru kipekee kwa ushauri wa mtama, maana huo mnaujua kuliko sisi. Mlisema ununuliwe wa punje, si unga, na ndivyo ilivyofanyika. Unga wa mtama huchacha upesi, na umeme ukikatika na dizeli ikikosekana mashine ya kusaga husimama. Punje zilikaushwa vizuri, zikajazwa kwenye madumu makavu hadi mdomoni na kufungwa kwa nguvu, bungua wakose hewa. Mashine ikisimama, zinachemshwa nzima kama makande. Kule huita balila. Maharage tuliyakataa, si kwa ubaya: yanakula kuni, na gesi ilipotoweka watu walichoma milango na vitanda. Dengu nyekundu zinaiva kwa nusu saa.

Kuna waliouliza kwa nini sehemu ya mchango iliingia kwenye sufuria ya mtaa, yaani jiko la pamoja la majirani. Jikoni hizo, takaya, huendeshwa na vijana wa kujitolea wa mtaa wenyewe, na nyumba inayopika peke yake huku jirani ananusa haikai salama wala haina raha. Nyingi zilizima moto baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025. Hatujutii hata shilingi iliyokwenda huko.

Wakwe walioko El Fasher, Darfur, magharibi mwa Sudan, hatukuwafikia. Mji ulizingirwa kuanzia Mei 2024 hadi ulipotekwa Oktoba 2025, na watu walikula ambaz, yaani mashudu ya karanga, chakula cha mifugo. Sisi wa Dodoma tunajua hatari yake. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, iliua watu hapahapa, Kondoa na Chemba, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Lakini huwezi kumwambia mwenye njaa asile.

Mama mkwe ana kisukari. Insulini yake ilihifadhiwa kwa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati na kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Mchanga ukikauka, baridi imekwisha, kwa hiyo maji huongezwa asubuhi na jioni. Hii ni mbinu ya sehemu zenye hewa kavu. Dodoma itakubali, Dar es Salaam na unyevu wake haitasaidia. Mei 2025, droni zilipopiga vituo vya umeme, pampu zilisimama, watu wakachota mtoni na kipindupindu kikalipuka. Maji ya mto yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo dawa ya klorini iwekwe, kwa kuwa tope huimaliza nguvu. Anayeharisha apewe lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya msawazo. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto.

Nauli ya Shendi, Atbara hadi Port Sudan, ndege, na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam ililipwa na ahadi zenu za mwisho. Vyeti vya watoto viliungua. Picha zake zilizotumwa mapema kwa simu ndizo zilizosaidia kupata hati ya dharura ya safari.

Aidha tunawashukuru mashekhe, mapadre na wachungaji mliotuombea, walimu mliopokea watoto ambao Kiswahili bado wanajifunza, na waendesha bodaboda wa kijiwe chetu.

Dua itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya swala ya alasiri, wote mnakaribishwa. Baki ya mchango itanunua sare na madaftari. Daftari la mapato na matumizi liko kwa mhazini, na aliyetoa ahadi akakwama tunamwomba asijisikie vibaya, aje tu tule wote.